Tangu Zamani, Bwana

Gisenyi, 6 Machi 1955

Mdogo wangu Mbarushimana,

Nakusalimu wewe pamoja na wifi Languida. Sisi huku tunasukuma siku. Mvua imeanza kwa nguvu, barabara ya Mahoko imekatika mahali pawili, na Jumatano nilirudi na kikapu changu cha samaki wakavu kama nilivyotoka nacho. Shemeji yako Sebahire ana jipu gotini, hawezi kuingia mtumbwini, anashinda amekaa mlangoni akiwaelekeza wenzake jinsi ya kuvua. Wenzake wanamvumilia.

Ninaandika Kiswahili kama ulivyoomba, ili Languida asome mwenyewe asije akadhani tunamsema kwa Kinyarwanda. Ukiona makosa, ucheke kimya. Kiswahili changu nilikipata kwa kuuzia watu wa Goma samaki, sikukipata darasani.

Sasa neno lenyewe. Mama amerudi. Mwisho wa Januari nilimpandisha melini mimi mwenyewe, amefunga mzigo wa miezi mitatu, mpaka unga wa mtama aliubeba, akisema atakula Pasaka kwako. Alhamisi tarehe 17 Februari, Habimana wa melini akaniita kutoka gatini: "Donatha! Kuja mupokee mama!" Nilifikiri ananichezea. Nikamkuta Mama amekaa juu ya mzigo wake, unga bado umo. Nikamuuliza Habimana kama aliugua njiani. Akasema, "Hapana, mama iko salama. Lakini tangu Bukavu hajasema neno hata moja, donc, basi, na mimi nilinyamaza."

Nimemuuliza Mama mara ngapi sijui. Ananijibu, "Kule kunanyesha sana." Mbarushimana, hata hapa kunanyesha.

Mligombana? Alimkosea Languida? Kama ni Mama aliyekosa, niambie, nami nitajua namna ya kuzungumza naye. Kama si yeye, niambie pia.

Dada yako,
Donatha


Bukavu, 24 Aprili 1955

Dada yangu mpendwa,

Barua yako ya tarehe 6 Machi niliipokea vizuri. Naomba radhi kwa kukawia; mkuu wa ofisi alikwenda likizo Ulaya na kazi zake zikaniangukia mimi. Languida anawasalimu. Siku hizi anajifunza kushona kwa cherehani kwenye mafunzo ya wake wa makarani, na mapazia yote ya nyumba ni kazi ya mikono yake. Goti la shemeji likandwe kwa maji ya chumvi.

Nina habari njema, na nataka uwe wa kwanza kuisikia katika ukoo wetu. Karata nimeipata. Nilikueleza mwaka jana: ni karata wanayopewa weusi wachache ambao Serikali imewaona ni wastaarabu. Mwenye karata anaingia dukani kwa mlango wa mbele. Anatembea jioni mjini na askari hamwulizi kibali. Akikosea, hapigwi kiboko. Watoto tutakaojaliwa watapata shule nzuri. Komite ilikuja nyumbani kukagua, Wazungu wawili na karani mmoja wa Serikali. Waliangalia chumba cha kulala, shuka, choo, vitabu, wakafungua kabati kuona kama sahani ni za aina moja. Walihesabu uma. Mimi nilisimama pembeni nikiomba Rozari moyoni, na Mungu alinisikia.

Kuhusu Mama usihangaike. Hewa ya huku haikumfaa, na alikosa maharage yake. Wazee ni hivyo, ukiwahamisha wanadhoofu. Hatukugombana hata kidogo.

Nimempa Habimana amletee Mama godoro jipya la pamba na koti zito. Mwambie asilale tena chini. Mtoto wake sasa ni mtu.

Mdogo wako,
Mbarushimana


Gisenyi, 5 Juni 1955

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na hongera kwa karata. Sebahire aliwasomea wavuvi wote barua yako, wale wa mtumbwi wake na wasio wa mtumbwi wake. Padre Kayitare naye amefurahi sana. Amesema Jumapili kanisani, bila kutaja jina, kwamba yuko kijana wa kando ya ziwa ambaye yeye Padre alimshika mkono akiwa hana shati, na leo anakaa meza moja na wakubwa. Watu wote waligeuka kumtazama Mama.

Godoro limefika. Watu wamekuja kuliona. Mama amelisimamisha ukutani, amelifunika kitenge lisipate moshi, naye analala kwenye mkeka wake mbele yake. Nilimwambia, "Mama, lile ni la kulalia." Akasema, "Najua. Ni zuri." Koti anavaa, maana baridi ya mwezi huu inatoka moja kwa moja kule kwenye volkano.

Lakini kuna jambo ambalo sikulitaja mara ya kwanza kwa sababu nilitegemea litapita. Tangu arudi, Mama hapokei Komunyo. Pasaka hakupokea. Unamfahamu: tangu tungali wadogo hajakosa kuungama kila Jumamosi, hata mwaka ule wa njaa alikuwa anatembea kwa fimbo mpaka misioni. Sasa anakwenda Misa, anakaa karibu na mlango, na wengine wakienda mbele yeye anainama kama anayetafuta kitu chini. Haendi hata kuungama.

Padre aliniuliza kama Mama amekasirishwa na mtu wa kanisa. Nikamwuliza Mama, naye akasema, "Siwezi kuungama nusu." Nikamwuliza nusu ipi. Akachukua kikapu akaenda kuchuma majani ya maharage.

Mbarushimana, umesema hamkugombana. Ninaamini. Basi kilichotokea ni nini? Sikuulizi ili nikushitaki. Ninakuuliza kwa sababu ninamwona mama yetu anakauka, na sijui nimshike wapi.

Donatha


Bukavu, 17 Julai 1955

Dada mpendwa,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa Mama. Sisi ni wazima. Jumapili iliyopita tulialikwa chakula kwa mkuu wangu wa ofisi, mimi na Languida, sisi wawili tu ndio weusi mezani. Languida alikula kidogo sana kwa woga wa kisu, na tulipofika nyumbani akapika ugali, tukacheka mpaka machozi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nakuomba, kama mdogo anavyoweza kumwomba dada yake, usichokonoe. Wazee wana dhamiri za ajabu. Jambo dogo linakuwa mlima. Nimemnunulia Mama rozari mpya, shanga za kioo, imebarikiwa na Monsinyori aliyepita hapa. Itamrudishia moyo.

Lakini nikuambie na hili, kwa sababu naona katika maneno yako kwamba unadhani mdogo wako amepotelea katika vitu. Unakumbuka Baba alivyokufa? Alikuwa amebeba mizigo ya Mzungu kutoka Busasamana, mvua ikamnyeshea, na walipofika kwenye baraza wakamwambia asubiri nje, asichafue sakafu. Alisubiri nje siku nzima, wiki mbili baadaye tukamzika. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilisema sitasubiri nje katika maisha yangu. Je, Mungu angenipenda zaidi kama ningebaki pekupeku? Niambie, Donatha, maana mimi najiuliza, na hakuna padre ninayeweza kumwuliza bila kumweleza mambo mengine. Kila uma nilioununua niliununua ili mtoto wangu asisubiri nje.

Nitakuja mwisho wa mwaka. Kabla ya hapo ofisi hainiachii.

Mbarushimana


Gisenyi, 21 Agosti 1955

Mdogo wangu Mbarushimana,

Nakusalimu. Ya Baba ninayakumbuka. Mimi ndiye niliyemkaushia nguo siku ile. Usidhani kwamba ninasahau ulikotoka.

Goti la Sebahire limepona. Viazi kutoka Mudende ni vingi, tunakula viazi asubuhi na jioni.

Mama ameniambia. Ilikuwa siku moja kabla ya Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Tulikuwa uani tunapukuchua maharage, jua limewaka. Nilikuwa nimempa ile rozari yako ya kioo. Aliitazama sana, akairudisha kwenye kisanduku. Ndipo nikamwambia, "Mama, kesho ni sikukuu. Kama hutapokea hata kesho, mimi nami sipokei. Tutakaa wote mlangoni." Nilimtishia, sikufanya vizuri. Akaweka ungo chini. Ninakuandikia kama alivyosema.

Alisema: "Walikuja siku ambayo si yao. Mtoto wangu alikuwa ameniambia hao wakaguzi watakuja Jumatano, na Jumatano hiyo ningekwenda kushinda kwa jirani. Wakaja Jumanne. Nilikuwa nimekaa chini karibu na mlango wa jiko namenya viazi vitamu, kwa sababu viti vyake vinaniumiza mgongo. Mzungu mmoja alinionyesha kwa kalamu, akauliza kitu kwa Kifaransa. Mtoto wangu akajibu kwa Kifaransa. Sikuelewa maneno, lakini uso wake niliuelewa, maana niliuzaa. Kisha yule Mzungu akanigeukia kwa Kiswahili, akanisemesha kwa upole kabisa: 'Mama, unatumika hapa tangu lini? Anakulipa vizuri?' Ndipo nikajua amesema mimi ni nani. Nikamtazama mtoto wangu. Alikuwa anatazama mapazia.

"Nikajibu, 'Tangu zamani, bwana.'

"Wakaridhika. Lakini walikuwa bado hawajaondoka, wanaandika. Nikaona kama nitakaa hivi hivi watafikiri tena. Nikainuka nikachukua beseni na mashati yake, nikaenda uani nikafua. Yalikuwa saba. Nilifua mpaka gari lao likaondoka. Mtoto alipokuja uani kuniita, nilikuwa bado naanika."

Nikamwuliza alimwambia nini mwanawe. Akasema: "Yeye alilia. Mimi nilimwambia ayaingize mashati kabla ya mvua. Kesho yake nikaomba kurudi."

Mbarushimana, nilitaka kukukasirikia mbele yake, akanikataza. Alisema: "Usimtukane. Alikuwa na hofu kama mtu aliyeshikwa shingo. Mimi si mgonjwa wa hilo." Basi nikamwuliza, kama si hilo, kwa nini haungami. Alisema: "Nilidanganya. Maneno yangu yenyewe si uongo, nimekutumikieni tangu zamani kweli. Lakini niliyasema ili wale waamini uongo, na Mungu anajua tofauti. Nikienda kwa Padre Kayitare lazima niseme nilimdanganya nani na kwa ajili ya nani. Na Padre ndiye aliyemtafutia shule. Anamtaja kanisani. Nitamvunjia Padre mtoto wake? Na nikienda kwa padre mwingine kule Nyundo nikaficha nusu, hicho si kitubio."

Nilimwambia padre hatoi siri za kitubio kamwe. Akasema, "Najua. Lakini yeye mwenyewe atakuwa anajua."

Aliniapisha nisikuandikie. Nimevunja kiapo hicho leo, na mimi sasa nina langu la kuungama.

Sikuombi urudishe karata. Sijui hata kama inarudishwa. Ninakuomba jambo dogo: njoo umwambie Padre wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, ili Mama awe huru. Ukishindwa kuja, mwandikie Padre barua. Ukishindwa hiyo, mwandikie Mama tu kwamba unamruhusu aseme. Mistari miwili. Meli inakuja kila wiki.

Yeye anakusamehe kila asubuhi kabla ya uji, nimemsikia. Ila nafsi yake mwenyewe haisamehe, na ufunguo wa hapo uko kwako.

Dada yako,
Donatha


Gisenyi, 16 Oktoba 1955

Mbarushimana,

Wiki nane zimepita. Kila meli ikifika ninashuka gatini, na Habimana siku hizi akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijauliza. Wiki iliyopita alisema alikuona Bukavu, sokoni, uko na Languida, mzima. Akakusalimu kutoka kwetu. Anasema ulimuuliza habari za mvua.

Jumanne tarehe 11 Mama alianguka. Alikuwa anapanda njia kutoka ziwani na mtungi nusu. Watu walimkuta amekaa, wakafikiri anapumzika. Upande wa kulia umekufa, mkono na mguu, na mdomo umevutwa. Hawezi kusema. Anatoa sauti moja tu, kama mtu anayetaka kuanza jina. Daktari wa hospitali alimpima, akasema ni damu kichwani, tumrudishe nyumbani tumweke kwa utulivu.

Tumemlaza kwenye godoro lako. Hakuweza kukataa.

Padre Kayitare alikuja kumpaka mafuta matakatifu. Kabla ya kuanza aliinama sikioni kwake akamwambia, "Mama Nyiraneza, kama kuna kitu unataka kuungama, nifinye mkono." Alifinya. Padre akasema, "Sema polepole." Akajaribu, Mbarushimana. Alijaribu mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso, na sauti ni ile ile moja. Padre akamwambia inatosha, Mungu amesikia, akamwondolea dhambi zote. Lakini Mama hakuachia mkono wake. Alikuwa anamtazama kama mtu anayeachwa gatini.

Padre alinifuata nje. Akaniuliza kama najua lilikuwa nini. Na mimi nilisimama pale na neno lipo mdomoni, nikasema sijui, kwa sababu si langu, na wewe ndiye uliyetakiwa kuliruhusu litoke. Kwa hiyo sasa tuliodanganya ni watatu.

Njoo.

Donatha


Bukavu, 26 Oktoba 1955

Dada,

Sina salamu. Nisamehe kuanza hivi.

Barua yako ya Agosti ilinifika. Niliisoma ofisini, nikaikunja, nikaiweka chini ya karatasi za forodha, na kila siku nilikuwa nasema leo jioni nitajibu. Nilianza mara nne. Nilikuwa nikifika mahali pa kuandika neno nililomwambia yule Mzungu, kalamu inasimama. Languida alinikuta nachoma moja jikoni. Akasema, "Mwandikie mama yako, au mimi nitamwandikia." Nikamfokea. Hajanisemesha mengi tangu siku hiyo, na ana haki.

Nilisema: "C'est la femme qui lave le linge." Huyu ni mama anayefua nguo. Sikuwa nimepanga. Ningeweza kusema ni jirani, ningeweza kusema ni mgeni wa jikoni. Ningeweza kusema ni mama yangu! Mkaguzi mwenyewe alikuwa mtu mzuri, pengine angemwamkia tu na kuandika uma ni kumi na mbili. Hilo ndilo linaloniua. Hakuna aliyenitaka nimkane. Niliona miguu yake pekupeku kwenye saruji niliyoing'arisha, na nikaogopa miguu ya mama yangu.

Ulipoandika kwamba ameanguka, nilikwenda siku ile ile kwa katibu wa komite. Nilimwambia: Bwana, siku ile nilisema uongo, yule mwanamke alikuwa mama yangu aliyenizaa, na nimekuja kusahihisha. Nilikuwa tayari kwa lolote. Nilikuwa nimeshika karata mkononi nikitaka kuiweka mezani. Katibu akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema hilo halihusu faili. Faili limefungwa tangu Aprili. Akaniuliza kama sina homa, nipumzike. Nikatoka na karata yangu.

Kisha nikaenda kuungama. Padre wa hapa alinipa malipizi, akaniondolea, akasema niende kwa amani. Nilipiga magoti mpaka kanisa likafungwa. Donatha, nimesamehewa na mtu ambaye sikumkosea.

Mkuu wa ofisi amekataa kunipa ruhusa kabla ya tarehe 14 Novemba kwa sababu ya hesabu za kahawa. Ningeweza kuondoka bila ruhusa. Nimesimama gatini siku mbili za meli nikiwaza hivyo, na nimerudi ofisini siku zote mbili. Nakuambia ili ujue mtu unayemwandikia.

Karatasi ya pili niliyoifunga humu ni ya Mama. Nimeiandika Kinyarwanda. Msomee polepole, kwa upande wa kushoto kama ndio unaosikia. Kisha uniambie alijibu nini. Hata kama ni kwa jicho. Hata kama ni kidole. Nakusihi uniandikie alijibu nini.

Na karatasi ya tatu ni ya Padre Kayitare. Mpe.

Mbarushimana


Gisenyi, 9 Novemba 1955

Mdogo wangu,

Telegramu tuliyokupelekea naona ilifika, maana posta wametupa jibu lako: NAKUJA KUMI NA NNE. Ninaandika hii ikupate kabla hujapanda meli, kwa sababu mbele ya uso wako sitaweza kusema yote bila kuyapunguza.

Barua yako ilifika Jumatatu tarehe 31. Ya Padre nilimpelekea saa ile ile. Aliisoma amesimama uani kwa misioni, akaikunja, akaniuliza Mama anaendeleaje, akaingia ndani. Jumanne, sikukuu ya Watakatifu Wote, hakuhubiri. Alisoma Misa akaondoka. Jioni alikuja kwetu. Alikaa kando ya Mama, akamshika mkono ule mzima, akasema, "Nyiraneza, ninajua yote. Mtoto ameniambia mwenyewe. Hulindi kitu tena." Alisema mara tatu. Sebahire alitoka nje.

Lakini siku hiyo Mama alikuwa amekwisha kuzama. Tangu Jumapili macho yalikuwa wazi bila kufuata mtu. Nilikuwa nimemsomea karatasi yako Jumatatu, asubuhi, kwa upande wa kushoto, polepole kama ulivyosema. Nilipofika pale ulipoandika "Mama, uliyefua mashati yangu saba," nilishindwa, Sebahire akanipokea kusoma ingawa anasoma kwa kubabaika. Tulimaliza. Tukasubiri. Kuku waliingia, nikawafukuza. Tukasubiri tena.

Umeniomba nikuandikie alijibu nini. Usiku wote wa Jumatatu nilifikiri nitakuandikia kwamba alifumba macho, au kwamba chozi lilitoka. Ni rahisi, na wewe ungelala. Lakini nyumba hii imeugua kwa sababu ya maneno yaliyosemwa ili mtu apate kupita. Kwa hiyo ninakuambia: hakujibu. Sijui kama alisikia. Padre anasema Mungu anajua, nami naamini, lakini mimi sijui, na wewe hutajua, na hakuna mtu hapa duniani wa kutuambia.

Alikufa Alhamisi tarehe 3, kabla ya saa sita mchana, mimi nikiwa nimekwenda kuchota maji. Nililotaka kwa ajili yake ni kidogo tu, na nilizunguka tangu Machi nikiliomba kwa watu wenye uwezo wa kulitoa, na halikuja kwa wakati. Simlaumu mtu mmoja. Hata mimi ningeweza kupanda meli mwezi wa nane nikakuvuta kwa kola. Niliogopa nyumba yako. Nilifikiria miguu yangu.

Kuhusu msamaha: sehemu yangu nimekupa, yote, hakuna niliyobakiza. Ya Mama siwezi kukupa, haiko mikononi mwangu. Najua alikuwa anakusamehe asubuhi, nilishakuandikia. Shika hilo. Sina zaidi.

Msalaba Habimana ametengeneza kwa mbao nzuri, amepaka rangi nyeusi, ameandika jina na mwaka kwa rangi nyeupe. Huku watu huandika chini, mama wa fulani. Akaniuliza aandike nani. Mimi ni mkubwa, angeweza kuandika Donatha na kazi ikaisha, na wavuvi walikuwa wamesimama wanangoja. Nikamwambia aache pale wazi.

Kopo la rangi limebaki nusu, nimeliweka ndani lisikauke. Ukishuka melini usinitafute kwanza mimi wala Sebahire. Chukua rangi, upande makaburini mchana, watu wakiwa wanapita, uandike mwenyewe.

Dada yako,
Donatha